Mlonge, mkaa, unga wa mbao, sufi au matete: kipi kinafaa kwa maji machafu ya kazi yako

Miaka michache nyuma jirani yetu wa upande wa chini alikuja karakanani na kidumu cha lita tano akakitua mezani, ndani maji ya bluu tupu, akasema haya nimeyachota mtaroni pembeni ya matuta yangu ya mchicha, sasa niambieni nimwagilie nini. Hatukua na la kumjibu. Sisi ni kikundi cha kina mama tunatengeneza batiki hapa Dar, na kila siku ya kuchovya tulikua tunamwaga maji ya suuza mtaroni kama kila mtu anavyofanya, tukijua mvua itayabeba. Tangu siku ile nimejaribu karibu kila kitu cha mimea ambacho watu wanasema kinasafisha maji, vingine kwenye chupa dirishani, vingine kwenye mapipa, na nimewasumbua sana watu wa maabara wanaojua zaidi yangu. Naandika kwa mwenzangu wa batiki, mwenye gereji au sehemu ya kuosha magari, mwenye mgahawa, gesti, machinjio ya kuku, yaani yeyote ambaye maji yake yanatoka getini kwake na kuingia kwa mwingine. Na tuelewane mapema, hapa siongelei maji ya kunywa hata kidogo, naongelea maji ya kumwaga yasiharibu kitu huko yanakokwenda.

Kosa langu la kwanza lilikua kuuliza mmea gani ni mzuri. Swali lenyewe halina jibu, sawa na kumuuliza mfamasia dawa gani ni nzuri bila kumwambia unaumwa nini. Uchafu uko wa aina tofauti kabisa na kila aina inashikwa kivyake: kuna vumbi na chembe zilizoning'inia zinazofanya maji yawe na ukungu, kuna rangi na kemikali zilizoyeyuka kabisa ambazo hata ukichuja kwa kitambaa mara kumi zinapita tu, kuna mafuta, kuna vitu vinavyooza kama mabaki ya chakula, damu na maji ya choo, na kuna metali nzito kama risasi na kromiamu. Maji ya gereji sio maji ya batiki na maji ya batiki sio maji ya mama ntilie. Kwaiyo nitalinganisha vitu viwili viwili vinavyogombania kazi moja, ndo utaona tofauti.

Mlonge na shabu

Hawa wawili wanafanya kazi moja, kukusanya chembe zilizoning'inia zishikane ziwe madonge yazame chini. Chembe nyingi kwenye maji zina chaji hasi, zinasukumana ndo maana hazizami. Shabu ina alumini, mbegu ya mlonge ina protini ndogo yenye chaji chanya inayoyeyuka kwenye maji, na zote zinavunja ule ukaidi wa chembe kusukumana. Mlonge sio habari mpya, akina mama wa Sudan wamekua wakituliza maji ya mto Nile kwa mbegu hizi tangu zamani, na mtafiti Samia Al Azharia Jahn ndo aliyeichunguza kwa kina kule Sudan miaka ya 1970 na 1980, alafu baadae watu wa chuo kikuu cha Leicester wakaijaribu kwenye mtambo wa maji wa Thyolo, Malawi, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia ni imani za kienyeji.

Matumizi yake ni hivi. Chukua maganda makavu yaliyokauka mtini yenyewe, mabichi hayafanyi kazi, toa mbegu, menya lile ganda lenye mabawa hadi upate kiini cheupe, twanga kiwe unga laini, koroga na maji kidogo upate maji meupe kama tui, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye ndoo. Koroga kwa kasi kama dakika moja, kisha polepole dakika tano hadi kumi, alafu acha saa moja au mbili bila kugusa. Kwa maji ya tope zito ya mto watu huanza na mbegu moja mpaka mbili kwa lita, ila kwa maji ya kazi yako hakuna namba ya kukariri, lazima ujaribu mwenyewe. Ukiloweka unga kwenye maji yenye chumvi protini inatoka nyingi zaidi, hii nimeiona kwa macho. Na ule mchuzi ukishautengeneza utumie siku hiyohiyo.

Siku yetu ya kwanza kujaribu niliweka chupa tano za lita moja na nusu dirishani, zote maji ya bluu ya suuza, moja sijaiwekea kitu, mbili shabu, mbili mlonge. Baada ya saa mbili zote tano zilikua zinafanana. Hakuna donge hata moja. Nilikasirika sana, nikadhani nimeuziwa mbegu za zamani. Ndo nikaja kuelewa kwamba batiki yetu inatumia kostiki soda na haidrosalfaiti (ile poda ya kuyeyushia rangi), kwaiyo maji yetu yalikua na pH ya 12 huko (pH ni kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali kama wa magadi), na ile protini ya mlonge ikifika kwenye pH ya 10 au 11 inapoteza ile chaji chanya, inakua haina nguvu. Shabu nayo inapenda kati ya 6 na 8 hivi. Tukanunua karatasi za kupimia pH, tukaanza upya.

Hapa kuna hatari naomba mtu asiiruke. Kama maji yako yana haidrosalfaiti, usikimbilie kumimina siki au asidi yoyote ili kushusha pH. Ile kitu ikikutana na asidi inatoa gesi ya salfa dioksaidi, harufu kama kiberiti kilichotoka kuwashwa, inakaba koo, na mwenye pumu inaweza kumlaza. Kwanza acha maji kwenye pipa wazi, nje sio ndani ya chumba, uwe unayakoroga koroga mpaka kesho yake. Hewa inamaliza haidrosalfaiti, na faida nyingine rangi zenyewe za aina ile zikipigwa na hewa zinarudi kuwa chembe zisizoyeyuka, sehemu kubwa inaanza kuzama bila hata kuongezwa kitu. Baada ya hapo ndo unashusha pH taratibu na siki, hapohapo nje, kidogo kidogo huku unapima.

Tukarudia zile chupa tano kwa maji yaliyolala usiku na kushushwa hadi pH 7. Mwenzangu aliyekua anasuuza sufuria aliacha kazi akaja kusimama dirishani. Kwenye chupa za mlonge vikaanza kutokea vitu kama vumbi la bluu, vikakua vinyuzi, vikawa kama manyoya yanashuka taratibu, na juu maji yakabaki na weupe kidogo kama maji ya kwanza ya kuosha mchele. Za shabu zilitulia haraka zaidi na juu zilikua angavu zaidi, lazima niseme ukweli.

Sasa uchague ipi? Shabu inatulia haraka, kipimo chake hakibadiliki badiliki na inapatikana dukani, ila inashusha pH, inaongeza tope lenye alumini na huwezi kulitupa bustanini. Mlonge haibadilishi pH sana, tope lake ni dogo na linaoza, ila inaacha mabaki ya mbegu ndani ya maji, yaani inaongeza chakula cha bakteria, ndo maana maji yaliyotulizwa kwa mlonge ukiyaacha siku mbili yananuka. Na zote mbili haziwezi kitu kwa chumvi iliyoyeyuka. Mi natumia mlonge kwa sababu tuna miti mitatu uani na mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta bado yana ile protini, kwaiyo unakamua mafuta unayauza alafu mashudu ndo yanasafisha maji. Kama huna mti na unanunua mbegu kwa wauza dawa za asili kwa kikombe kidogo, hesabu inakataa, nunua shabu.

Mkaa na unga wa mbao

Mlonge ukishatuliza, kinachobaki ni rangi iliyoyeyuka. Hapa ndo unahitaji kitu cha kunyonya, na watu wanagawanyika: wengine wanasema mkaa, wengine wanasema kwa nini uchome wakati unga wa mbao, pumba za mpunga, makumbi ya nazi na maganda ya ndizi yanatupwa bure.

Mkaa kwanza. Kuna mkaa na kuna mkaa ulioamshwa, watu wanachanganya sana hapa. Mkaa ulioamshwa unatengenezwa kwa kuchoma kitu kama vifuu vya nazi bila hewa, alafu unapitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 mpaka 1000, au unawekewa kemikali, mpaka ndani unajaa vitundu visivyohesabika. Gramu moja ya mkaa wa namna hiyo ukiukunjua vitundu vyake vyote unapata eneo la kama mita za mraba 1000. Gramu moja jamani, haijai hata kijiko cha chai vizuri. Mkaa wa jikoni uliotwangwa nao unanyonya lakini ni mdogo wake wa mbali, unahitaji mwingi na muda mrefu zaidi. Tuliujaribu: tulitwanga mkaa wa vifuu, tukauchekecha tukatoa vumbi lote kwa sababu vumbi linaziba na linatoka na maji yakawa meusi, tukauosha mpaka maji yatoke safi, tukaujaza kwenye ndoo yenye bomba chini, changarawe, mchanga, mkaa, mchanga tena juu. Maji yakipita kwa kasi yanatoka na rangi, yakipita kwa tone tone yanatoka karibu meupe. Kwa mkaa muda wa kugusana ndo kila kitu, na asilimia kubwa ya wanaosema mkaa haufanyi kazi walifungua bomba sana.

Unga wa mbao na ndugu zake wanafanya kazi kwa namna nyingine. Nyuzi za mmea mbichi kwenye maji ya kawaida zina chaji hasi, kwaiyo zinavuta vitu vyenye chaji chanya: zile rangi wanazoita za besi, na metali kama risasi, shaba, kadmiamu. Kwa hilo zinashindana na mkaa vizuri tu, watafiti wa Brazil mwaka 2011 walionyesha maganda ya ndizi yaliyosagwa yanashika risasi na shaba kwenye maji na ukiyaosha unaweza kuyarudia hadi mara 11. Watu wa Bukoba na Uganda mnaotupa maganda kwa matoroli, hiyo ni ya kwenu. Lakini rangi nyingi za nguo za pamba, zile zinazoyeyuka kabisa, zina chaji hasi, kwaiyo unga wa mbao mbichi unazisukuma badala ya kuzivuta. Niliweka unga wa mbao kwenye maji mekundu ya aina hiyo nikaacha usiku kucha, asubuhi maji yalikua mekundu vilevile tena yameongezeka ukahawia wa mbao. Ukishusha pH iwe na uasidi kidogo inasaidia, ila sasa umeshaanza kununua asidi kwa ajili ya kitu ulichokichukua kwa sababu ni cha bure.

Na huo ukahawia ni jambo la kuangalia. Unga wa mbao ngumu na makumbi ya nazi yanatoa tanini, maji yanakua kama chai. Lazima uloweke na kumwaga mara kadhaa au uchemshe kwanza, na maji hayo ya kwanza nayo yanaenda wapi? Pumba za mpunga ni bora kidogo, hazitoi rangi sana na maji yanapita vizuri kwa sababu ni ngumu, zina silika nyingi, haziozi haraka. Pia ulizia fundi seremala kama mbao zake zimewekewa dawa ya mchwa au vanishi, kwa sababu utakua unaongeza sumu kwenye maji unayotaka kuyasafisha.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili, kama tatizo lako ni rangi, harufu au dawa za wadudu, chukua mkaa. Kama una metali, mfano unachovya vyuma kwenye maji ya kung'arisha au unatengeneza ngozi kwa kromiamu, pumba na maganda yanaweza kukusaidia, ila hapo tafuta mtu wa maabara akupimie, metali hazina rangi wala harufu, huwezi kusema zimeisha kwa kuangalia. Kwa batiki macho yanakwambia ukweli kiasi, kwa metali macho yanakudanganya.

Mkaa nao una lawama yake. Ukitumia mkaa wa gunia unaotoka msituni, umekata mti ili usafishe maji, na mti huo ndo uliokua unalinda chemchemi. Mkaa wa mikoko ndo usiuguse kabisa. Pwani hapa vifuu vimejaa, wauza madafu na wakuna nazi wanavitafutia pa kutupa, chukua hivyo.

Sufi, kwa wenye mafuta

Hii watu wengi hawaijui na inanisikitisha kwa sababu tunaijazia mito tu. Sufi ile ya msufi, nyuzi zake zina uwazi katikati kama mrija na juu zimepakwa nta ya asili, kwaiyo zinakataa maji na kunywa mafuta. Maabara wamepima ikanyonya oili zaidi ya mara 30 ya uzito wake ikiwa haijashindiliwa. Ukiweka kiganja cha sufi kwenye beseni la maji yenye oili chafu juu, inaelea, na ndani ya dakika inageuka kutoka nyeupe kuwa nyeusi huku maji yanayoizunguka yanabaki wazi. Unaikamua, unarudia.

Maranda ya mbao yanayomwagwa sakafuni gereji yanafanya kazi ya karibu ila yanakunywa maji pia, yanalowa yanazama na mafuta yake. Kwa sakafu kavu maranda yanatosha, kwa mafuta yanayoelea juu ya maji tumia sufi, funga kwenye wavu wa vitunguu iwe kama mto mdogo ielee kwenye shimo la maji.

Ila kwa wenye sehemu za kuosha magari sikilizeni: sabuni inaua kazi yote. Sabuni inavunja mafuta yawe vitone vidogo vilivyochanganyika na maji na inaondoa ule ukinzani wa sufi kwa maji, italowa tu kama kitambaa. Kwaiyo kama unaosha injini, maji ya kwanza ya mafuta mazito yawe na njia yake kabla ya sabuni. Yakishachanganyika na sabuni sufi imetoka kwenye mchezo, hapo unahitaji shimo la kutulia na kitu kilicho hai.

Matete na magugu maji

Kwa maji yanayooza, ya jikoni, bafuni, chooni, machinjioni, mambo yote niliyosema juu ni ya kupoteza hela. Huwezi kunyonya supu kwa mkaa, utajaa siku ya pili. Pale unahitaji bakteria wale ule uchafu, na mimea hai ndo inawapa nyumba.

Bwawa la matete lilivyo ni shimo la kina kama sentimita 60, chini limezibwa maji yasizame ardhini, limejazwa kokoto, juu yake yamepandwa matete, na maji machafu yanapita ndani ya kokoto bila kuonekana juu. Kwa sababu maji yako chini ya kokoto hakuna mbu wala harufu kubwa. Wazo lilianzia kwa mtafiti Käthe Seidel huko Ujerumani miaka ya 1950, na huku kwetu chuo kikuu cha Dar es Salaam wamelifanyia utafiti kwa miaka mingi, na Nairobi pale Carnivore lilijengwa moja mwaka 1994 kusafisha maji ya mgahawa na bwawa la kuogelea. Watu wanadhani matete ndo yanakunywa uchafu. Yanakunywa kidogo, naitrojeni na fosforasi kiasi, kazi kubwa wanafanya bakteria kwenye kokoto na mizizi inawaletea oksijeni. Joto letu ni faida, bakteria wanafanya kazi mwaka mzima, wenzetu wa Ulaya wanahangaika na baridi.

Eneo ndo kikwazo. Hesabu mita ya mraba moja mpaka tano kwa kila mtu kwa maji ya nyumbani kulingana na yalivyo mazito, na maji yakae ndani siku tatu mpaka saba. Gesti ya watu 20 inataka eneo kama la sebule kubwa au zaidi, mjini kati hulipati. Na lazima kabla yake kuwe na tenki la septiki au mtego wa mafuta, ukipeleka makapi na mafuta moja kwa moja kokoto zinaziba, nimeona moja lililokufa namna hiyo, maji yanatiririka juu na matete yamekauka katikati, mwenye nyumba akasema mradi wa wazungu umeshindwa kumbe ni mafuta ya chipsi.

Magugu maji yanafanya haraka zaidi, hilo halina ubishi. Bill Wolverton wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyatumia kusafisha maji ya choo kule Mississippi miaka ya 1970, mizizi yake ile inayoning'inia kama ndevu inashika chembe na metali, na yanaongezeka mara mbili ndani ya wiki moja au mbili. Sasa hiyo haraka ndo balaa. Watu wa Ziwa Victoria mnajua tangu yalipoingia mwisho wa miaka ya 1980, mitumbwi ya Kisumu na Mwanza ikakwama, samaki wakakosa hewa. Mi msimamo wangu ni huu: pale ambapo hayapo usiyapeleke kwa sababu yoyote ile, hata kwenye bwawa la uani, mafuriko ya siku moja yanatosha kuyapeleka mtoni. Pale ambapo tayari yapo, vuna, kausha juani mpaka mizizi iwe mikavu kabisa, saga, tumia kama unga wa kunyonya metali na rangi za besi, hapo umetatua matatizo mawili. Ila ujue kama yameota kwenye maji yenye metali basi tayari yamezishika, usimpe ng'ombe wala usitie kwenye mboji ya mboga.

Na tusisahau mafunjo ya asili. Bonde la Nakivubo kule Kampala limekua likipokea maji machafu ya jiji kwa miongo mingi kabla hayajaingia ziwani, bila mtu kulipwa. Kabla hujajenga bwawa lako la matete angalia kama kuna kinamasi chini yako ambacho watu wanakifukia viwanja, kukilinda ni rahisi kuliko kujenga kipya.

Sasa wewe ushike kipi

Ukiwa na batiki kama sisi: kwanza punguza, maji ya suuza ya mwisho yatumie kuchanganyia rangi inayofuata ya aina hiyohiyo, nta iache ipoe iondoe juu uiyeyushe tena, usiichemshe ikaenda mtaroni. Yanayobaki: pipa wazi usiku mzima, pima pH, mlonge au shabu, alafu mkaa wa vifuu tone kwa tone. Usigeuze mpangilio huo, ukianza na mkaa kabla ya kutuliza chembe unaziba ndani ya siku mbili na utasema mkaa ni mbovu. Gereji: shimo la kutuliza mchanga, sufi, basi. Kuosha magari: tenganisha maji ya injini na ya bodi, ya sabuni yapeleke kwenye shimo la kutulia na kama una uwanja, matete. Mgahawa, gesti, machinjio: mtego wa mafuta, septiki, matete, usihangaike na kingine. Mwenye metali: usianze na mmea wowote kabla ya kipimo cha maabara.

Na kipimo hata wengine mnakihitaji. Kwa Tanzania na Kenya maji ya kumwaga yanatakiwa BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, yaani ile oksijeni ambayo bakteria wangeitumia kula uchafu wako mtoni kwa siku tano. Maji yanaweza kuwa meupe pee na bado BOD ikawa juu, hasa kama umetumia siki nyingi au mlonge umezidisha. Sisi kipimo cha kwanza kilitoka juu kuliko tulivyotegemea licha ya maji kuonekana mazuri, ndo tukapunguza mbegu, zilikua nyingi mara mbili ya zinazohitajika.

Kuna kitu karibu kila maelekezo niliyosoma yanakiruka, na kwangu ndo kipimo kikubwa cha kuchagua kuliko hata kasi au bei: hicho kitu kikishajaa uchafu unakipeleka wapi? Tope la mlonge lisilo na metali unaweza kulikausha na kulifukia mbali na kisima. Matete ukiyavuna kwenye maji ya jikoni unaezekea banda au unamlisha mbuzi. Sufi yenye oili wenye tanuri za matofali wanaipokea kama kuni lakini isichomwe jikoni wala uani, moshi wake ni mbaya. Unga wa mbao uliobeba metali unaweza kuuosha kwa asidi hafifu uutumie tena, sasa una asidi yenye metali, unaona tatizo limehama tu. Na mkaa uliojaa rangi hauwezi kuufufua nyumbani, unahitaji joto kali la kiwandani.

Jirani yetu wa mchicha tulimpelekea chupa ya maji yetu ya sasa kabla hatujafungua tena bomba la mtaroni. Aliyashika akayaangalia juani muda mrefu, akamwagia tuta moja tu la pembeni akasema atatuambia baada ya wiki mbili. Tuta lile liliota sawa na mengine. Lakini kwenye kona ya karakana kuna magunia mawili ya mkaa wa vifuu uliojaa bluu, tumeyaweka juu ya mbao mvua isiyafikie, na kila nikiyapita nauliza kama kuna mtu hapa mjini mwenye tanuri anayejua kuufufua. Kama ni wewe, tuambie, tutakuletea wenyewe.